STAA, JIKO LA GESI HALIINGII NDANI YA HEMA! ACHA KUWAPONZA MASHABIKI KWA AJILI YA KIKI

Mjini hapa kuna staa mmoja wa tamthilia, mrembo wa haja, mwenye wafuasi wa kujaza Uwanja wa Mkapa ukajaa tena na tena. Jina liwekwe kapuni. Msimu wa masika uliopita alitupia picha moja kutoka kambini, pande za Kigamboni. Nje mvua inanyesha. Yeye yuko ndani ya hema, miguu kaikunja vizuri, kucha zimepakwa rangi ya damu ya mzee, na mbele yake kuna jiko la gesi la kuchomea nyama, jipya, linang'aa kama rimu za gari la bwana harusi. Moto unawaka, mishikaki iko juu ya wavu, na zipu ya hema imefungwa mpaka chini ili mvua isiingie. Chini kaandika kwamba bata halijali mvua.

Laiki zikamiminika. Komenti nazo zikashuka: "Dada jiko umenunua wapi?" "Bei gani mamy?" "Na mimi nalitaka!" Jibu likaja haraka, namba ya duka na maneno kwamba mzigo ni mchache, wahi yako. Katika msururu wote ule wa komenti, hakutokea mtu wa kuuliza swali moja dogo: dada, mbona moto uko ndani ya hema?

Haya sasa, ubuyu wenyewe ndio huu. Watu waliokuwepo siku hiyo wanasimulia kwamba jiko lile liliwaka dakika chache tu, picha zikapigwa, likazimwa. Mishikaki ilinunuliwa njiani ikiwa imeshaiva, ikapangwa juu ya wavu. Kopo la gesi lililokuja na jiko lilikuwa moja tu, na lilipoisha halikupatikana lingine la aina ile dukani. Jiko liko stoo mpaka leo, limekuwa kabati la buibui.

Kuigiza kwenye tamthilia ni kazi yake na analipwa kihalali, hakuna mwenye shida na hilo. Lakini kuigiza kwamba umepika, halafu ukamwelekeza shabiki dukani na mkwanja wake wa mwezi mzima, huko ni kumwingiza mtu mjini. Na bora ingekuwa ni uongo wa mishikaki peke yake. Picha ile ilifundisha watu namna ya kufa usingizini.

KILICHOTOKEA LUSHOTO

Kuna vijana watano wa Sinza, wanawake wawili na wanaume watatu, walioiona picha ile wakadata. Wakachangishana, wakanunua jiko lile lile, wakaazima hema, na mwezi wa saba wakapanda basi kwenda Lushoto kula bata la milimani. Gesi walipanga kuinunua huko huko. Wazo zuri, maana basi la abiria si mahali pa kupakia mtungi.

Walipofika, maduka yenye gesi wakayakuta, mitungi ya kilo 6 imepangwa nje mlangoni kama kawaida. Kimbembe kikaanza kwenye kuunganisha. Jiko lao lilitengenezwa kwa soko la Marekani, linakula vile vikopo vya propani vya ratili moja vinavyokazwa kwa kuzungusha. Mdomo wa jiko na mdomo wa mtungi wa Kibongo havijuani hata kwa salamu. Fundi wa pale alijaribu kuangalia, akawaambia ukweli bila kuwaficha: hapa labda ufungwe kwa mpira wa kuungaunga, na kazi hiyo hafanyi. Mungu ambariki fundi yule.

Wakaazima kijiko kidogo cha kopo kwa watu wengine pale kambini. Usiku baridi ikakaza. Wakakumbuka picha ya staa: moto ndani, zipu chini, tabasamu. Wakaingiza jiko ndani ya hema wachemshe chai, na chai ilipoiva wakaliacha liwake kidogo lipashe hema joto.

Binti mmoja akasikia kichwa kizito. Akadhani ni uchovu wa safari. Baadaye kichefuchefu, akatoka nje kutapika. Hewa ya baridi ilipompiga akili ikarudi, akakumbuka kwamba wenzake walikuwa wameacha kujibu utani muda mrefu. Akavuta zipu, akazima jiko, akaanza kuwaburuta mmoja mmoja kwa miguu huku anapiga kelele za kuomba msaada. Wote wazima leo. Lakini picha za usiku ule hakuna aliyezitupia mtandaoni, na staa hajui hata kama wapo duniani.

HEMA SI JIKO

Gesi ikiwaka mahali ambapo hewa haitoshi, inatoa kaboni monoksaidi. Kitu hiki hakina rangi wala harufu. Kikiingia kwenye damu kinakaa kwenye nafasi ya oksijeni, na mwili unaanza kunyimwa hewa huku mtu anapumua kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, halafu usingizi. Nani kambini atashtuka kwa kusikia usingizi saa tano usiku?

Wengi wanajidanganya kwamba hatari ikija wataisikia kwa pua. Ile harufu kali ya gesi inayojulikana majumbani ni dawa inayowekwa makusudi ili gesi ikivuja watu wajue. Gesi ikishaungua, harufu hiyo haipo tena. Kwa hiyo hema linaweza kuwa halinuki chochote zaidi ya vitunguu na bado linaua.

Na ikivuja bila kuwaka, nayo ina balaa lake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikatokea dirishani, inashuka na kutulia sakafuni, pale pale palipotandikwa godoro. Cheche moja inatosha.

Kwa hiyo kanuni ni moja na haina msamaha wa mvua, baridi wala kiki: jiko linawaka nje. Mvua ikinyesha, tandaza turubai juu, pande zote ziwe wazi, moto ukae mbali na nguo za hema. Mvua ikizidi, kuleni mkate na ndizi mlale. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa mishikaki usiku mmoja.

ANZA NA MTUNGI, MALIZIA NA JIKO

Hili ndilo kosa la pili la mastaa. Wanaonyesha jiko, mtungi wanauficha nyuma ya picha kwa sababu si mzuri. Mnunuzi naye anachagua jiko kwa rangi. Anayejielewa anaanza upande wa pili: huko niendako, gesi gani ipo dukani? Akishajua, ndipo anatafuta jiko linaloikubali.

Kwa Tanzania jibu halihitaji mganga. Gesi inayouzwa kwenye mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na mtungi wa kilo 6 unapatikana karibu kila mji unaofika kwa basi. Wa kilo 3 upo pia na ni mwepesi kubeba, ila uliza kwanza kama huko uendako watakubadilishia. Ukiwa na jiko linalokubali mtungi wa kawaida, hata ukiishiwa gesi Morogoro au Bagamoyo safari inaendelea. Ukiwa na jiko la vikopo vya kuagiza nje, safari yako inaisha siku kopo linapoisha.

Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji: regyuleta yake ni ipi, na inaingia kwenye mtungi wa kampuni gani? Vali za mitungi si lazima zifanane. Angalia kibandiko cha jiko kinachotaja presha. Majiko mengi ya presha ndogo yanataka takriban mbar 30, wakati mengine ni ya presha kubwa. Kuchanganya regyuleta ya presha kubwa na jiko la presha ndogo ni kucheza na moto kweli kweli. Muuzaji akianza kusema "hiyo utapata tu fundi akuungie", msalimie vizuri uondoke.

Na vile vijiko vya kopo la butani? Ni vyepesi, vya bei nafuu na vinafaa kwa watu wawili wanaochemsha chai. Ila vina masharti yake. Kopo likiwaka muda mrefu linapoa lenyewe, na butani ikipoa inachoka. Kwenye baridi ya Lushoto au Kitulo moto unaanza kunyong'onyea wakati nyama bado mbichi. La pili, usiweke sufuria pana au bati la kuchomea linalofunika mpaka sehemu ya kopo. Joto linarudi chini, kopo linachemka, linaweza kulipuka. Hilo nalo picha za mitandaoni zimejaa, watu wamebandika sinia zima juu ya kijiko cha kopo na wanacheka.

HESABU AMBAYO STAA HAJAWAHI KUIPIGA

Maboksi ya majiko yameandikwa BTU kwa herufi kubwa, na wauzaji wanazitaja kama kasi ya gari. Namba hiyo inaeleza joto jiko linaloweza kutoa kwa saa, maana yake pia ni kiasi cha gesi linachokula. Namba kubwa haina maana nyama itaiva vizuri. Jiko kubwa lisilo na kifuniko, joto lake linakwenda kuwapasha samaki wa baharini.

Kilo moja ya gesi ina takriban BTU 47,000. Jiko la BTU 10,000 likiwashwa mpaka mwisho linakula kama gramu 210 kwa saa. Mtungi wa kilo 3 utalilisha saa 14 hivi, na wa kilo 6 saa 28. Kile kikopo cha ratili moja? Saa mbili na kidogo. Kundi la watu sita, wikiendi nzima, na kikopo kimoja! Sasa ni wazi kwa nini mishikaki ile ilinunuliwa njiani.

Kwa watu wanne mpaka sita, jiko la BTU 10,000 lenye kifuniko linatosha. Mkiwa kundi kubwa, chukueni lenye bana mbili zenye swichi tofauti, upande mmoja nyama iungue nje, upande mwingine iive taratibu. Vitu vya kukagua dukani ni hivi:

- Kifuniko kinachofunga vizuri na kuta za pembeni. Ufukweni upepo ni mwingi, moto mtupu hauwezi.
- Miguu imara. Litikise pale pale dukani. Likiyumba kwenye vigae, kwenye mchanga litalala.
- Wavu mzito. Ule wa waya mwembamba unapoa ukiweka nyama tu, na chumvi ya bahari inaumaliza kwa kutu.
- Trei ya kukusanyia mafuta inayotoka. Mafuta yakijaa chini yanashika moto. Yakishika, zima gesi ikiwa swichi inafikika salama, funika, na usimwagie maji hata kidogo.
- Uzito wa kubebeka. Kama linahitaji wanaume wawili na dua, hilo si la safari.

Na siku ya kuondoka, mtungi upimwe. EWURA imekuwa ikiwakumbusha wateja kudai mizani kwa muuzaji. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, jumlisha na kilo za gesi, hesabu ikigoma usiondoke. Kwenye gari usimamishe wima, ufungwe usigaragare, vioo viwe wazi, na usiuache ndani gari likiwa juani.

Kambini, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira kabla ya kuwasha. Povu likitokea, gesi inavuja. Wanaopima kwa kiberiti waache ushujaa. Fungua kifuniko cha jiko ndipo uwashe, maana gesi ikijikusanya chini ya kifuniko kilichofungwa inakulipukia usoni. Lisipowaka, funga gesi, subiri dakika tano, jaribu tena. Mtungi nao usiufunike wala kuuzungushia mabati ya kukinga upepo; unahitaji kukaa mbali na joto.

"HUU NI WIVU TU"

Mashabiki wa kufa na kuzikana watasema maneno haya ni wivu. Dada anatafuta riziki, tangazo ni tangazo, mtu mzima anajua mwenyewe pa kuweka moto. Sawa. Lakini mtu yule yule akitangaza mafuta ya kujichubua yakamchoma binti wa watu, mbona mnamkalia kooni? Ushawishi hauna likizo. Ukikubali hela kwa sababu watu wanakuiga, kubali na lawama wakikuiga vibaya.

Wengine watasema dawa ni kurudi kwenye mkaa, nyama choma ya kweli ni ya mkaa. Kwanza, mkaa ndani ya hema unaua kwa kaboni monoksaidi ile ile, tena unaendelea kuitoa wakati umefifia na watu wamelala. Pili, mkaa na kuni si kila mahali vinaruhusiwa. Moto wa Oktoba 2020 kwenye Mlima Kilimanjaro, taarifa za awali za TANAPA ziliuhusisha na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Mamia ya watu walipanda kuuzima kwa siku kadhaa. Jiko la gesi lililosimama vizuri halirushi cheche za mkaa kwenye nyasi kavu na halihitaji mti wa mtu. Na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Gesi haina kosa. Kosa ni la anayeitumia kama pambo la picha.

Mbona wapo wanaoweza? Kuna msanii mmoja wa singeli, jina nalo kapuni, kila mwaka anakwenda na washkaji zake Saadani. Jiko lake limepauka, mtungi wa kilo 6 una michubuko ya kila rangi, yeye mwenyewe kavaa malapa anageuza kuku huku moshi unamtoa machozi. Jiko liko nje, hatua nyingi kutoka kwenye hema, mtungi umesimama pembeni. Video ile haikupata hata robo ya laiki za dada wa Kigamboni. Lakini aliyeiangalia mpaka mwisho amejifunza kupiga kambi, na kuku alionekana akiliwa mpaka mfupa.

DADA, BADO UNA NAFASI

Staa wa Kigamboni hajachelewa. Ile picha bado iko kwenye ukurasa wake, bado inavuna laiki, na msimu wa likizo unakaribia. Aifute, au airushe nyingine jiko likiwa nje chini ya turubai, aandike mistari miwili tu: nilikosea, moto haukai ndani ya hema, na jiko hili halikubali mitungi ya hapa. Duka litanuna. Mkataba unaweza kuyeyuka. Lakini yule binti wa Sinza aliyewaburuta wenzake wanne kwenye nyasi za Lushoto usiku wa manane, mikono inatetemeka, hakuwa na mkataba na mtu, na alifanya kilichopaswa kufanywa.

Akishindwa hilo, basi mashabiki wamsaidie. Kila picha ya moto ndani ya hema itakapopita, ya staa yeyote, mkubwa au mdogo, komenti ya kwanza isiwe "bei gani?" Iwe "toa jiko nje!"

Wewe je, umeshawahi kununua jiko kwa picha ukafika kambini likakataa mtungi? Au umeshalala na moto ndani ya hema ukaamka kichwa kinagonga? Funguka hapo chini, mtu mmoja akisoma anaweza kupona.